Damu Yetu Isomwe kwa Mizani Yake: Vipimo, Vinasaba na Tiba ya Skizofrenia

Mbukwenyi! Na wale mliohamia Dodoma kufuata ofisi, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie damu na vinasaba katika tiba ya skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Humu ukumbini naona wauguzi, naona matabibu wa vituo vya afya, naona wanafunzi wa maabara waliokaa nyuma kama kawaida yao. Na naona akina mama na akina baba ambao mtoto wao, mume wao au dada yao anaishi na ugonjwa huu. Kwa ajili yao nitajitahidi kusema kwa lugha moja inayotuingia sote. Mimi kazi yangu ni maabara. Miaka 23 nimeinamia hadubini, na mengi nitakayoyasema nimeyaona kwanza juu ya kioo cha damu kabla ya kuyasoma mahali popote.

Kwanza neno moja. Katika mji huu watoto wakigombana, mmoja humwambia mwenzake, "Wewe wa Mirembe." Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Iko hapa hapa kwetu, imehudumia nchi hii tangu wakati wa mkoloni. Hakuna anayemtukana mwenzake kwa kumtajia Ocean Road, wanakotibiwa wenye saratani. Naomba na jina hili tulitaje kwa heshima hiyo hiyo, leo na tukitoka hapa.

Sasa nije kwenye karatasi.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia mama mmoja kutoka upande wa Bahi. Alikuwa na khanga mbili, moja kiunoni, moja kichwani, na vumbi la safari lilikuwa bado miguuni. Akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu," akasema, "nisomee hii. Wameniambia damu ya kijana imekataa dawa."

Nikaikunjua. Ilikuwa picha kamili ya damu, yaani hesabu ya chembe za damu. Kwenye mstari wa neutrofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe, palikuwa na 1.3, na pembeni mashine ilikuwa imeweka herufi L, maana yake chini ya kiwango. Daktari, kwa kufuata kanuni aliyofundishwa, alikuwa amesimamisha klozapini, dawa ya skizofrenia. Kijana alikuwa ameitumia wiki 7. Kabla ya hapo alishapewa haloperidoli, akapewa klopromazini, akachomwa sindano ya mwezi, sauti hazikunyamaza. Kwa klozapini, mama aliniambia, ilipofika wiki ya sita kijana alimwuliza kama mbuzi wameshanyweshwa. Mama alilirudia swali hilo mbele yangu mara mbili, "Amenywesha nani mbuzi?", na sauti yake ikakatika. Miaka 4 kijana hakuwa ameuliza habari ya kitu chochote kilichoko nje ya kichwa chake. Wiki ya saba dawa ikasimamishwa. Wiki ya tisa alikuwa amerudi kuzungumza na ukuta.

Nataka tukae na ile 1.3, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu nilichoitiwa kusema.

Chukua tone la damu, litandaze juu ya kioo, liache likauke, lipake rangi. Ukiweka jicho kwenye hadubini utaona chembe nyekundu zimejaa kama uwele kwenye ungo, na kati yao, moja huku, moja kule, chembe nyeupe. Neutrofili utaijua kwa kiini chake: kimekatika vipande vitatu au vinne, na vipande hivyo vimeshikana kwa uzi mwembamba. Ndizo askari wa zamu. Bakteria akiingia kwenye kidonda hizi hufika mwanzo, humla, na nyingi hufia hapo hapo. Usaha unaoutoa kwenye jipu, sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa kazini. Mtu akiishiwa nazo kabisa, kidonda kidogo cha koo kinaweza kumuua kwa siku chache.

Na hilo limeshatokea. Klozapini ilianza kutumika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1975 taarifa ikatoka Ufini kwamba wagonjwa 8 waliokuwa wakiitumia wamekufa baada ya chembe zao za ulinzi kuisha. Nchi nyingi zikaiweka dawa pembeni. Ingeishia hapo, isipokuwa madaktari waliokuwa wameiona ikifanya kazi hawakuweza kuisahau. Mwaka 1988 John Kane na wenzake Marekani wakachapisha utafiti wa watu 268 ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Katika wiki 6, waliopewa klozapini asilimia 30 walipata nafuu ya kuonekana. Waliopewa klopromazini asilimia 4. Mwaka uliofuata dawa ikaruhusiwa Marekani kwa sharti moja gumu: damu kwanza, dawa baadaye. Kila wiki mgonjwa apimwe, na chembe nyeupe zikishuka chini ya mpaka, hapati kidonge.

Sharti lile liliwekwa kwa haki, na sitaki mtu atoke hapa akisema mtaalamu wa maabara amesema damu isipimwe. Kwa watu 100 wanaoanza klozapini, anayepatwa na balaa lile la chembe kuisha hafiki hata mmoja, lakini akipatwa ni dharura, na mara nyingi hutokea ndani ya wiki 18 za mwanzo. Tena hapa kwetu kuna mtego wake. Mtu akipata homa Dodoma tunafikiria malaria kwanza. Anachomwa kidole, kipimo cha haraka kikisema hakuna malaria anapewa paracetamol anarudi nyumbani. Nyinyi wenye ndugu anayetumia klozapini, nisikilizeni vizuri: akipata homa, koo likimuuma, akatokwa vidonda mdomoni, siku hiyo hiyo aende akapimwe picha kamili ya damu, na mseme kwa sauti pale mapokezi kwamba anatumia klozapini. Msingoje kesho.

Kwa hiyo daktari wa yule kijana alikuwa na sababu ya kuogopa. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: 1.3 ile imeporomoka kutoka juu, au ndiyo aliyozaliwa nayo?

Mnaijua seli mundu. Mnajua kwamba mtoto aliyerithi jeni yake kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni ile imedumu kwetu. Malaria imeichonga damu ya Mwafrika kwa maelfu ya miaka, na haikuchonga hapo tu. Juu ya chembe nyekundu kuna protini iitwayo Duffy, jina la mgonjwa wa Uingereza aliyesababisha igunduliwe mwaka 1950. Kuna kimelea cha malaria kiitwacho vivax ambacho huishika protini hiyo kama mtu anavyoshika kitasa ili afungue mlango. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake walionyesha kwamba watu wasio na Duffy kwenye chembe zao nyekundu hawaambukizwi vivax kama wengine. Hakuna kitasa, mlango haufunguki. Na watu wasio na kitasa hicho ni nani? Ni sisi. Kusini mwa Sahara watu walio wengi sana hawana Duffy kwenye chembe nyekundu, kwa sababu ya herufi moja tu iliyobadilika kwenye swichi ya jeni iitwayo ACKR1.

Mwaka 2009 kundi la watafiti lililokuwa na David Reich likagundua kwamba herufi hiyo hiyo moja ndiyo inayofanya watu wengi wenye asili ya Afrika wawe na hesabu ndogo ya neutrofili kwenye damu. Uboho wao, unaotengeneza chembe za damu, unafanya kazi yake kama kawaida. Neutrofili zipo, ila nyingi zimekaa kwenye tishu badala ya kuzunguka kwenye mshipa tunaouchoma sindano. Ukisimama barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ukahesabu bodaboda zinazopita, unaweza kusema Dodoma haina bodaboda. Kumbe zimejaa vijiweni zinangoja abiria. Watu hawa hawaugui zaidi ya wengine. Likija jipu, chembe zinafika.

Vitabu viliita hali hii upungufu wa neutrofili usio na madhara wa makabila fulani. Jina hilo sijawahi kulipenda. Upungufu ukilinganisha na nani? Mpaka wa chini unaosomwa kwenye karatasi nyingi ni 1.5 au 2.0, yaani chembe 1,500 au 2,000 katika maikrolita moja ya damu, na mipaka hiyo ilitoka kwa watu waliopimwa Ulaya na Marekani. Mashine inanunuliwa, inawekwa mezani, inawashwa, na viwango vimo ndani yake tayari. Hakuna anayeiuliza viwango hivyo ni vya damu ya nani. Mashine haina kosa. Sisi tunaoisoma ndio tunaopaswa kujua.

Matokeo ya jambo hili dogo ni makubwa. Katika kila watu watatu wenye skizofrenia, kadiri ya mmoja hasaidiwi vya kutosha na dawa za kawaida. Huyo klozapini ndiyo dawa yake. Hakuna nyingine iliyothibitika kuizidi kwa mtu wa namna hiyo, na imeonekana pia kupunguza watu kujiua. Halafu mtu huyo huyo akiwa Mwafrika ananyimwa, au anaanzishwa na kukatizwa, kwa sababu ya alama ya malaria iliyoachwa na mababu. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilikubali hoja hii ikaweka mpaka wa pekee: mtu wa kawaida aanze klozapini akiwa na 1.5 kwenda juu, na mwenye asili hii ya neutrofili chache aanze hata akiwa na 1.0. Mwaka 2025 wakaenda mbele zaidi, wakaondoa sharti la kuripoti matokeo ya damu kabla ya duka kutoa dawa. Ushauri wa kupima wenyewe ukabaki. Yaani kijana wa Bahi na 1.3 yake, kwa mpaka wa 2015, hakupaswa kusimamishwa.

Wanafunzi wa maabara, hapa ndipo kazi yenu ilipo. Kabla mgonjwa hajaanza klozapini, pimeni damu zaidi ya mara moja, siku tofauti, muijue hesabu yake mwenyewe. Damu ya alfajiri huwa na neutrofili chache kuliko ya mchana, kwa hiyo mkipata namba ya chini asubuhi, rudieni baadaye siku hiyo, mtu akiwa ameshatembea. Mashine ikisema L, andaeni kioo mhesabu kwa macho. Chupa yenye kifuniko cha zambarau ipinduliwe polepole mara 8 hadi 10 mara tu damu inapoingia; nimeona sampuli zilizoganda zikitoa hesabu ya uongo, na hesabu ya uongo kwa mtu huyu ni mwaka mzima wa mateso.

Nimeulizwa mara nyingi: mbona basi msipime damu mkatuambia kama mtoto ana skizofrenia au hana? Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha skizofrenia. Hapa Dodoma hakuna, na London hakuna. Daktari huujua ugonjwa kwa kumsikiliza mgonjwa na ndugu zake kwa muda. Kazi ya damu siku ya kwanza ni nyingine, kuhakikisha hatumwiti mtu mgonjwa wa akili wakati ana malaria iliyopanda kichwani, au kaswende iliyofika kwenye ubongo, au virusi vya UKIMWI, au sukari iliyoanguka, au tezi ya shingo iliyoharibika. Hayo tunayapima, na baadhi yanatibika yakaisha. Zipo pia alama za uvimbe wa ndani, kama CRP, ambazo kwa wastani huwa juu kidogo kwa wanaoanza kuugua skizofrenia. Wastani wa kundi haumwambii mama chochote kuhusu mwanawe. Mtu akija kukuuzia kipimo cha damu cha "kugundua wazimu", muage, umfungie mlango.

Sasa vinasaba, na hapa nitazungumza na wazee.

Wakulima wa zabibu mpo? Hombolo, Mpunguzi? Mnajua mzabibu haupandwi kwa mbegu. Unakata pingili kwenye mzabibu uliouamini unaichomeka ardhini. Kata pingili mbili kwenye mzabibu mmoja wa Makutupora, moja ipande Hombolo, nyingine mpe shemeji yako akapande Mpunguzi. Ni mzabibu ule ule, kila chembe yake. Lakini huyu ana udongo huu, yule ana ule. Huyu alipalilia kwa wakati, yule alichelewa. Huku ukungu uliingia, kule haukuingia. Mavuno hayatafanana. Pacha wa kufanana ni pingili mbili za mzabibu mmoja. Mmoja wao akipata skizofrenia, mwenzake hupata kwa kadiri ya mara 4 au 5 katika 10. Ugonjwa ungekuwa wa vinasaba peke yake, ingekuwa 10 kwa 10. Na vinasaba visingehusika kabisa, isingefika hata 1 katika 10, kwa sababu mtu yeyote barabarani uwezekano wake maishani ni karibu 1 katika 100.

Kilichobaki ni udongo: shida wakati wa kuzaliwa, mateso ya utotoni, bangi kali inayoanza kuvutwa ubongo ukiwa bado unakua. Bangi nasema kwa uangalifu. Wapo wazazi hapa ambao mtoto wao hajawahi kuigusa, na bado jirani amewaambia, "Mwanao alivuta." Inaongeza hatari. Haielezi kila mgonjwa.

Na jeni yenyewe si moja. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi kubwa iliyochambua vinasaba vya watu 76,755 wenye skizofrenia, ikapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, kila moja kwa kiasi kidogo sana. Wewe unazo baadhi, na mimi ninazo baadhi. Moja iliyonigusa ni ya mwaka 2016, jeni iitwayo C4. Kazi yake ya kawaida ni kuwawekea alama wadudu wa magonjwa ili kinga iwale. Ikaonekana kwa panya kwamba ndani ya ubongo unaokua, inasaidia pia kupogoa miunganiko ya neva isiyohitajika, na wanaorithi aina zinazofanya kazi kwa nguvu zaidi wana hatari kubwa kidogo. Wakulima wa zabibu mnaujua umuhimu wa kupogoa, na mnajua hasara ya kupogoa kupita kiasi. Huenda jambo hili linaeleza pia kwa nini ugonjwa mara nyingi huanza kati ya miaka ya kumi na kitu na ishirini na kitu, wakati wa upogoaji wenyewe.

Nalisema hili kwa ajili ya posa. Mnajua desturi. Posa ikija, wazee wanatuma mtu akachunguze ukoo: kuna kifafa, kuna wazimu? Nimeona binti akikataliwa kwa sababu mjomba wake aliwahi kutibiwa. Binti mwenyewe mzima, mwalimu, ana barua ya posa mkononi. Basi wazee wangu, hesabu ni hii. Mwenye mzazi mmoja anayeugua, uwezekano wake ni kadiri ya 1 katika 10. Watoto 9 kati ya 10 wa mzazi huyo hawatapata skizofrenia. Mpwa wa mgonjwa, kama yule binti, ni 3 au 4 katika 100. Kwa namba hizi hakuna ukoo wa kukimbiwa. Wagonjwa wengi wanatoka kwenye koo ambazo hazikuwahi kuwa na mgonjwa mwingine.

Msikubali pia kutozwa fedha kwa kipimo cha vinasaba kitakachotabiri ndoa au watoto. Alama za kutabiri zilizopo zimetengenezwa zaidi kwa vinasaba vya Wazungu, na zikipelekwa kwa Waafrika usahihi wake hushuka sana. Kazi ya kuziba pengo hili imeanza. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa Waxhosa 909 wenye skizofrenia huko Afrika Kusini, na upo mradi wa NeuroGAP uliokusanya vinasaba Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Jirani zetu wawili wamo. Tanzania haimo, na mimi jambo hilo linaniuma, kwa sababu siku dawa mpya itakapotengenezwa kwa kufuata vinasaba hivyo, tutaitumia bila kuwa tumehesabiwa.

Ila katika ini tumehesabiwa, na nataka mjivunie. Dawa ikimezwa, ini huivunja kwa vimeng'enya. Risperidoni inavunjwa kwa sehemu kubwa na kimeng'enya CYP2D6, na haloperidoli kwa sehemu. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza aina ya jeni hiyo inayopatikana kwa wingi kwa Waafrika, iliyopewa namba 17, ambayo kimeng'enya chake ni kivivu. Mwaka 2001 ikaelezwa nyingine ya kivivu, namba 29, na damu iliyoonyesha hivyo ilikuwa ya Watanzania. Ethiopia kwa upande wao, kadiri ya watu 3 katika 10 walionekana kuwa na nakala za ziada za jeni hiyo, ini lao linaivunja dawa mbio. Afrika si kapu moja. Dozi ile ile kwa mtu mmoja inalundikana, kwa mwingine inapotea kabla haijafanya kazi.

Mgonjwa anaona nini? Mnapomwona kijana aliyechomwa haloperidoli jana, leo shingo imepinda, macho yamepanda juu, ulimi hauingii mdomoni, na shangazi anasema mashetani yamepanda, twende kwa mganga: hiyo ni dawa. Inatokea zaidi kwa vijana wa kiume, na dozi kubwa huichochea. Mrudisheni hospitali haraka. Kuna sindano ya kuituliza, na kwa kawaida ndani ya saa moja shingo inalegea. Baada ya hapo mwambieni daktari apunguze dozi. Kipimo cha jeni cha CYP2D6 kwa mgonjwa wetu wa kawaida bado ni ndoto, lakini tabibu anayejua kwamba Watanzania wengi wana kimeng'enya kivivu ataanza na dozi ndogo na kuipandisha polepole.

Klozapini inavunjwa na kimeng'enya kingine, na hicho kinachochewa na moshi wa sigara. Mvutaji anahitaji dozi kubwa zaidi. Akilazwa mahali pasiporuhusiwa kuvuta, dawa inaanza kupanda mwilini kwa dozi ile ile, anasinzia, anatokwa udenda, anaweza kupata degedege. Sipro, ambayo kila duka la dawa linaitoa kwa ajili ya mkojo na tumbo, nayo inakizuia kimeng'enya hicho, na klozapini inapanda vibaya. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inashusha dawa nyingi za akili. Kabamazepini ya kifafa haipaswi kabisa kuchanganywa na klozapini, kwa sababu nayo inaweza kuugusa uboho. Mkienda duka la dawa, bebeni pakiti ya dawa ya akili mkononi. Aibu mnayoiona pale dirishani ni ndogo kuliko hatari.

Sukari nitaisema kwa kifupi ingawa inaua wengi. Watu wenye skizofrenia duniani hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, na sehemu kubwa ni kwa magonjwa ya moyo, sukari na maambukizi. Olanzapini na klozapini huleta njaa isiyoshiba na unene wa haraka. Mzani, kipimo cha shinikizo la damu, sukari ya asubuhi kabla ya kula: hivi viko hata kituo cha afya cha kata. Na akina dada wanaotumia risperidoni au haloperidoli, hedhi ikikatika au maziwa yakitoka bila mimba, ni homoni ya prolaktini imepanda kwa sababu ya dawa. Nimekutana na mwanamke aliyeitwa tasa na wakwe kwa jambo hilo. Dozi ilibadilishwa, hedhi ikarudi.

Naona mikono. Mama pale mbele.

Anauliza: yule kijana wa Bahi, mwisho wake nini?

Nilimwuliza mama yake kama kijana aliwahi kupimwa damu kabla ya dawa ile. Akasema hajui, ila karatasi zake zote anazo. Baada ya wiki akarudi na bahasha ya kaki imechakaa pembeni. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki ya utotoni, karatasi za malaria, risiti, na fomu ya afya aliyopimwa wakati anakwenda chuo cha ufundi, miaka 3 kabla ya sauti ya kwanza. Nyuma ya fomu walikuwa wamebandika picha kamili ya damu. Neutrofili 1.2.

Nilikaa chini. Tukampima tena siku tatu tofauti, tukapata 1.4, 1.2, 1.3. Niliandika barua kwa daktari nikaambatanisha zote, na namshukuru, alinipigia simu jioni ile ile, tukazungumza kwa muda mrefu. Klozapini ikikatika zaidi ya siku 2 huwezi kurudi ulipoishia, kwa hiyo kijana alianza upya na miligramu 12.5, wiki baada ya wiki, damu kila wiki. Ilimchukua miezi kufika alipokuwa amefika. Sauti hazijaisha zote. Anasema sasa zinanong'ona. Mbuzi anawachunga mwenyewe.

Mama yake bado anatunza bahasha. Mwezi uliopita aliniletea karatasi mpya niione. Neutrofili 1.3, na pembeni yake herufi L.